Kitambulisho, kabila na kazi: maswali ya vijana wa jamii ndogo nchini Kenya

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia watu kujaza fomu za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa huku Pwani Kusini, kuanzia Ukunda hadi Vanga. Wengi wanaokuja ni Wamakonde na Wapemba. Mtu huanza na swali la karatasi, lakini ukimsikiliza hadi mwisho utakuta alichokuja kuuliza ni kazi. Haya hapa ni maswali yanayorudi kila wiki, na majibu ninayowapa.

Mkisema jamii ndogo, mnamaanisha akina nani?

Si kila kabila lenye watu wachache. Ukurasa huu unawahusu hasa wale ambao uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963 uliwakuta Kenya lakini haukuwaandika popote. Wamakonde walitoka Msumbiji kuja kukata mkonge na miwa Kwale, wengi wao upande wa Ramisi. Wapemba walifuata samaki, wengine wakaja wakikimbia machafuko baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Wanubi ni wajukuu wa askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza na kupewa msitu wa Kibra wakae. Washona, wenye asili ya Zimbabwe, walifika Kiambu na Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 kama wahubiri, wakaishi kwa useremala na kusuka vikapu.

Wakenya wenye asili ya Kisomali si jamii ndogo kwa idadi, wala hawakuletwa na mkoloni. Nawataja hapa kwa sababu ukuta waliogongana nao katika ofisi za usajili ni ule ule.

Mimi nina nguvu na ujuzi. Kitambulisho kinahusiana vipi na kupata kazi?

Mwajiri anayefuata sheria lazima akukate kodi, NSSF, bima ya afya na ada ya nyumba. Kila kimoja kinataka namba yako, na namba zote hizo zinaanzia kwenye kitambulisho. Kazi ya serikali au ya kampuni kubwa inataka pia cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, nacho hakitoki bila alama za vidole zilizofungwa kwenye namba ya kitambulisho. Leseni ya kuendesha bodaboda, laini ya simu, akaunti ya benki, kibali cha biashara cha kaunti: vyote vimeshikwa na mnyororo mmoja.

Basi asiye na kitambulisho hakosi kazi. Hukosa kazi yenye jina lake. Nilimsaidia kijana mmoja aliyekuwa akibeba mawe kwenye mjengo karibu na Diani. Mshahara wa vibarua ulilipwa kwa M-Pesa, na yeye hakuwa na laini, kwa hiyo pesa zake ziliingia kwenye simu ya mwenzake. Shilingi 500 za siku zilimfikia zikiwa 450, na siku ambazo mwenye simu alikuwa na shida zake mwenyewe hazikufika kabisa. Alipoanguka akavunjika mkono, msimamizi alifungua daftari la malipo na kusema hakuna mtu wa jina hilo hapa. Alisema kweli, kwa maana jina lililokuwa daftarini ni la mwenye simu. Kijana alirudi nyumbani bila fidia. Nikisikia watu wakiita kitambulisho kadi tu, nauona mkono ule uliofungwa kwa khanga.

Wazee wetu hukiita kitambulisho "kipande". Kwa nini?

Kwa sababu kilianza kama minyororo. Sheria ya mkoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi avae kipande, karatasi iliyotiwa kwenye kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika kazi yako na malipo yako, na usiposainiwa kuachishwa, ukikamatwa wewe ni mtoro. Kilikuwa cha kumfunga mtu kwenye kazi. Leo babu anashangaa kwamba mjukuu wake analia kwa kukosa kitu ambacho yeye alitamani kukitupa mtoni.

Tumezaliwa hapa, tunasema Kidigo, tumeoa Wadigo. Kwa nini bado tunahesabiwa wageni?

Hili ndilo swali linalouma kuliko yote. Watu wengi huamini kwamba mgeni akijifunza lugha ya wenyeji, akaswali nao, akala nao na kuzika nao, milango itamfungukia taratibu, ya kazi ikiwemo. Ninayoyaona Kwale hayasemi hivyo. Wamakonde wa huku wameungana na majirani kwa kila njia unayoweza kuitaja. Wapemba ndio kabisa: ni Waswahili wa pwani, Waislamu, na lugha yao ni lahaja ya hiki hiki Kiswahili tunachoandika. Hata hivyo walikaa zaidi ya miaka 50 ya uhuru wakiwa si raia wa popote. Ofisi ya usajili haikuuliza unasema lugha gani. Iliuliza kabila lako ni lipi na kitambulisho cha baba yako kiko wapi.

Mkoloni ndiye aliyeipanga Kenya kwa kabila na eneo la kila kabila. Wanubi waliandikwa kuwa watu waliotoka kwenye makabila yao, maana yake hawana eneo la asili. Walichoruhusiwa ni kukaa Kibra, na kukaa si kumiliki. Serikali huru ilirithi orodha hiyo na kuigeuza kuwa daftari la raia. Ukiwa nje ya orodha, kufanana na jirani hakukusaidii chochote.

Kufanana huko kulikuwa na gharama pia. Bibi mmoja wa Makongeni, mwenye chale za Kimakonde mashavuni na kwenye paji la uso, aliniambia yeye ndiye wa mwisho katika ukoo wao kuchanjwa. "Nilisema wanangu nisiwatie alama," alisema, "polisi wanatusoma usoni." Watoto wakalelewa bila chale, kisha bila lugha, na baadhi yao bila jina la ukoo. Alikuwa akisema haya huku anachambua mchicha, bila kuinua macho. Nilimuuliza kama wanawe walipata kazi. Mmoja anachonga vinyago vya dukani kwa mtu, mwingine yuko baharini kwenye mtumbwi usio wake. Walijivua walichokuwa nacho, na malipo hayakuja.

Kilichokuja kubadili mambo ni miguu. Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe, na mapema 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakihesabiwa kabila la 43. Desemba 2020 ulitangazwa uraia wa Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Wapemba walitambuliwa Januari 2023, na Julai mwaka huo hafla ya kuwapa hati zao ikafanyika Kilifi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyepata uraia kwa kufanana na jirani. Wote waliupata kwa kusema wao ni nani.

Mzazi wangu aliniandikisha kama Mdigo ili nisome. Sasa jamii yetu imetambuliwa. Nifanye nini?

Kwanza, usione haya. Karibu kila ukoo una mtu wa namna hiyo. Kuna waliojiita Wadigo, Wagiriama, Wabajuni, na kule Kiambu kuna Washona walioingia shule kwa majina ya Kikikuyu. Wazazi walitafuta namna mtoto afanye mtihani.

Pili, usiendelee kujaza fomu mpya kwa maelezo yasiyo ya kweli. Kutoa taarifa ya uongo katika usajili wa watu ni kosa la jinai, na kosa hilo huibuka siku mbaya zaidi: siku umeshinda usaili na mwajiri analinganisha vyeti. Nimeona barua ya kuajiriwa ikifutwa kwa sababu cheti cha shule kilikuwa na jina moja, kitambulisho jingine na cheti cha kuzaliwa la tatu. Mtu ni yule yule, alama zake za mtihani ni zile zile, lakini karatasi zilikuwa zinazungumzia watu watatu.

Fanya hivi. Chukua vyeti vyako vyote uviweke mezani, uandike kila jina kama lilivyo, herufi kwa herufi. Tofauti ikiwa ni ya herufi tu, kwa mfano Mohamed na Muhamadi, hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu mara nyingi inatosha. Kama jina lote ni jingine, utahitaji hati ya kubadili jina, ambayo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ndipo uombe kitambulisho kirekebishwe. Anza mapema, kabla hujatuma ombi lolote la kazi. Na tafadhali usinunue mkato kutoka kwa mtu anayekaa nje ya ofisi na bahasha. Namba aliyokupa inaweza kuwa ya marehemu.

Sasa nina kitambulisho, lakini mwaka wa pili huu nazunguka bila kazi. Shida ni nini?

Kitambulisho ni mlango wa kwanza, na nyuma yake kuna mingine ambayo hakuna aliyetuambia.

Mmoja ni shule. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alikwama kwenye usajili wa mitihani ya kitaifa, au alisoma akijua hapati mkopo wa chuo. Kijana aliyepewa kitambulisho 2017 akiwa na miaka 25 alikuwa ameacha shule zamani. Jeshi la Ulinzi huchukua makuruta wa miaka 18 hadi 26, kwa hiyo wengi walipewa karatasi mlango huo ukiwa unafungwa, au umeshafungwa.

Mwingine ni kujuana. Kazi nyingi Kenya husikika kwanza nyumbani: mjomba anasikia nafasi ofisini, shangazi anamjua karani, mtu wa kijijini kwenu ni mkuu wa idara. Jamii ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuajiriwa na serikali haina mjomba wa namna hiyo. Ukaguzi uliotolewa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2011 ulionyesha kwamba makabila makubwa machache yalishika takriban asilimia 70 ya nafasi za utumishi wa serikali, na zaidi ya makabila 20 hayakufika hata asilimia 1 kila moja. Wamakonde wakati huo hawakuwa hata kwenye hesabu.

Sheria ipo, na ni vizuri uijue kwa namba zake. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Tume ilipozikagua kaunti miaka michache baadaye, takriban thuluthi mbili zilikuwa zimevunja sharti hilo.

Maoni yangu ni kwamba asilimia 30 hiyo, hata ikitimizwa, inaweza isimfikie Mmakonde. Kaunti ikiajiri Mkamba, Mluo na Mkikuyu kujaza nafasi hizo, imeshatii sheria kwenye makaratasi. Anayetoka kwenye jamii ya watu elfu kadhaa anashindanishwa na wanaotoka kwenye jamii za mamilioni, na wote wanaitwa "wasio wenyeji". Katiba katika ibara ya 56 inaitaka serikali iwe na mipango ya kuwapa walio wachache nafasi maalumu za elimu na ajira. Ibara hiyo ndiyo ya kuishika mkononi unapokwenda kwenye vikao vya bajeti vya kaunti, na vikao hivyo viko wazi kwa kila mkazi. Nendeni wengi, na mwende na mtu anayejua kuandika barua.

Kupigwa msasa kumekwisha kweli?

Fundi wa vinyago anaujua msasa: unapigwa mwishoni, kinyago kikiwa kimeshapata sura. Kwetu mtu alipigwa msasa kabla hajakubaliwa kuwa ana sura. Kwa miongo mingi Wanubi, Wasomali na Waislamu wa mipakani walipitishwa mbele ya kamati za wazee na maafisa, wakiulizwa maswali ambayo mwombaji wa Nyeri au Machakos hakuulizwa: babu yako amezikwa wapi, lete stakabadhi ya shamba, taja chifu wa zamani. Wakenya wa Kisomali walibebeshwa hata kadi ya pili, ya rangi ya waridi, baada ya uchunguzi wa 1989.

Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini agizo akiwa Wajir la kuondoa upigaji msasa wa namna hiyo katika kaunti za mipakani. Ni hatua kubwa, nami niliifurahia kama mtu aliyepata zawadi ya sikukuu. Ukiwa umeombwa stakabadhi ya ardhi ya babu kwa ajili ya kitambulisho cha kwanza, iombe ofisi ikuandikie ombi hilo kwenye karatasi yenye jina la afisa. Mara nyingi ombi hupotea hapo hapo.

Mimi ni mvuvi. Kwetu hakuna mwajiri, kwa hiyo haya yananihusu?

Yanakuhusu sana. Mpemba wa Shimoni au Mayungu anaweza kuwa nahodha bora wa ufuo mzima, anayejua mkondo kwa rangi ya maji, na bado chombo kisiandikwe kwa jina lake. Leseni ya uvuvi, uanachama wa BMU (kikundi cha kusimamia ufuo) na mkopo wa mashine vyote vinataka kitambulisho. Kwa hiyo chombo kiliandikwa kwa jina la mwenye karatasi, na mwenye karatasi akachukua fungu lake kila jioni bila kulowa. Ukishapata kitambulisho, jambo la kwanza ni umiliki wa chombo. Mfuate aliyeandikishwa kwa heshima, pamoja na mashahidi wawili wa ufuoni, mwandike makubaliano ya kuhamisha kabla ya kwenda ofisini. Wengi hukubali. Wanaokataa hukataa kwa sababu hakuna shahidi.

Mwajiri ameniuliza kabila langu kwenye usaili. Anaruhusiwa?

Taasisi za umma hukusanya kabila la waombaji kwa ajili ya kupima ule uwiano niliousema hapo juu, na swali hilo huwa kwenye fomu. Kutumia jibu lako kukunyima kazi ni jambo jingine. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi wa kikabila, wa lugha, dini na asili ya kijamii, na kinamlinda anayeomba kazi sawasawa na aliyekwisha ajiriwa. Kuna jambo humo ambalo vijana wengi hawalijui: shauri likifika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi unamwangukia mwajiri.

Andika tarehe, aliyekuuliza, maneno aliyotumia na nani alikuwepo. Andika siku hiyo hiyo. Anza kwa afisa wa leba, au tume ya uwiano, na likishindikana, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwa mashauri ya mkataba wa ajira sheria inatoa miaka mitatu, lakini ushahidi wa maneno haukai miaka mitatu.

Nataka kwenda Ghuba kufanya kazi. Nianzie wapi?

Kitambulisho, kisha cheti cha kuzaliwa, kisha pasipoti. Katiba, ibara ya 12, inasema pasipoti ni haki ya raia. Wakala akikuambia anaweza kukupatia pasipoti hata bila kitambulisho, ondoka hapo. Dada aliyefika Saudia kwa karatasi za jina la mtu mwingine akipata matatizo na mwajiri, ubalozi hautampata kwenye orodha yake.

Kujiita kabila la 43 si kuendeleza ukabila? Si bora tuseme sote ni Wakenya?

Huulizwa zaidi na watu wa makabila makubwa, tena kwa nia njema. Ningependa siku ifike ambapo daftari halina safu ya kabila. Lakini safu hiyo ipo leo, na anayeachwa nje yake ndiye anayelipa. Hadi sensa ya 2009 Wanubi walikuwa wakitupwa kwenye fungu la "Wakenya wengine". Kwenye bajeti hakuna fungu la "wengine", wala hakuna shule ya "wengine". Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua Machi 2011 kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, uraia ukiwa wa kwanza. Uamuzi ule ulipatikana kwa sababu watoto hao walitetewa kama Wanubi. Mtoto wa Kinubi bado ni Mkenya, anashangilia Harambee Stars kama wengine.

Mtoto wangu amezaliwa mwezi uliopita. Nimkatie cheti sasa au nisubiri?

Sasa. Leo, kama ofisi iko wazi. Kuandikisha baada ya miezi sita huhesabiwa kuchelewa, na kila mwaka unaopita huongeza maswali.

Nimeomba kitambulisho miezi mingi iliyopita, nina karatasi ya kusubiri tu, na mwajiri anataka namba wiki hii.

Mwombe mwajiri akushikie nafasi, na umwombe kwa barua, pamoja na nakala ya karatasi hiyo. Siku hiyo hiyo mwandikie msajili wa eneo lako ukitaja tarehe uliyoomba na namba iliyo kwenye karatasi. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya kutendewa na ofisi ya serikali kwa haraka na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale inapokuathiri. Taja ibara hiyo ndani ya barua. Peleka nakala mbili: moja ibaki ofisini, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Jibu lisipokuja, nakala hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoibeba kwenda Ofisi ya Mtetezi wa Umma (Ombudsman). Kama hujui kuandika barua, njoo Jumamosi asubuhi na karatasi zako zote, hata zilizochanika.